Kuingia Nyika kwa Hodi: Maandalizi ya Safari ya Gari na Hema kutoka Kibokoni hadi Ziwa Turkana

Nchi kame ya kaskazini mwa Kenya huanza, kwa msafiri anayetoka pwani, pale barabara kuu inapoteremka kutoka miinuko ya Mlima Kenya hadi Isiolo, ikauvuka mto Ewaso Nyiro penye Archer's Post, kisha ikanyooka kuelekea Marsabit na Moyale. Kwa miongo mingi sehemu hiyo ilifikiwa kwa malori yaliyokwenda kwa misafara chini ya ulinzi, juu ya njia ya vumbi na mawe iliyovunja springi na kuwachosha watu. Tangu kukamilika kwa lami ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa takriban kilomita 500, katika muongo wa 2010, jamaa ya Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, inaweza kupakia gari alfajiri, ikalala njiani mara mbili, na siku ya tatu ikafika Marsabit bila tairi kukanyaga vumbi. Wepesi huo ni neema, lakini pia ndio asili ya hatari mpya, kwa kuwa humfikisha mtu ukingoni mwa jangwa la Chalbi kabla hajajifunza lolote kuhusu jangwa, akiwa na katoni mbili za maji ya chupa, gurudumu moja la akiba na simu isiyoshika mtandao.

Makala haya yanahusu mzunguko wa kulala hemani unaoanzia Marsabit, ukapitia Maikona, Kalacha na North Horr hadi Loiyangalani kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, na kurudi kwenye lami kwa njia ya Laisamis. Hoja yake kubwa ni kwamba nchi ile, inayoonekana tupu kwa jicho la mtu wa mjini, ina wenyewe: kisima kina mwenyewe, mti wa kivuli una mwenyewe, na hata mkondo wa mto uliokauka una watu wanaouhesabu kuwa wao, hivyo kwamba usalama wa mgeni hutegemea uhusiano wake na wenyeji hao kuliko ukubwa wa injini yake. Mtu aliyelelewa Mji wa Kale, ambako hakuna apitaye mbele ya baraza bila salamu wala aingiaye ukumbini bila hodi, tayari anayo adabu inayohitajika; anachokosa kwa kawaida ni hesabu ya maji, mafuta na masafa.

Jambo la kwanza la kuamua ni majira. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na zile za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huifikia kaskazini kwa uchache na bila mpango, lakini zinapofika huifunga njia. Chalbi ni kitako cha ziwa la kale lililokauka, na udongo wake ukilowa huwa tope zito ambalo juu yake hujijenga gamba jembamba lililokauka. Dereva huliona gamba, akaliamini, na gari likazama hadi kwenye ekseli. Kwa sababu hiyo miezi ya Januari na Februari, au ile ya Juni hadi Septemba, ndiyo inayofaa, na hata ndani ya miezi hiyo anayesikia kwamba mvua imenyesha North Horr juzi hana budi kungoja Marsabit siku mbili tatu. Atakayeudhika kwa kungoja huko hajawa tayari kwa safari yenyewe.

Jambo la pili ni njia. Wapo wanaofikiria kuikwepa Nairobi kwa kupitia Malindi, Garsen na Garissa, lakini mashambulizi ya al-Shabaab katika kaunti za Lamu na Garissa yameifanya njia hiyo isifae kwa jamaa inayokusudia kulala hemani, na kilomita zinazookolewa hazilingani na hofu inayonunuliwa. Njia ya kawaida, yaani Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 485, kisha Nanyuki na Isiolo, ndiyo salama. Upande wa magharibi wa mzunguko nao unadai hadhari: barabara ya kutoka South Horr kupitia Baragoi hadi Maralal ina mandhari ya kupendeza, ila hupita katika nchi ya uhasama wa muda mrefu wa wizi wa mifugo, na Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa katika shambulio la kuvizia huko Suguta, karibu na Baragoi. Hali hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi, na mwenye habari ya kuaminika ni kituo cha polisi cha Marsabit au cha Isiolo, pamoja na chifu wa mahali, wala si picha za mtu aliyepita huko mwaka uliotangulia.

Kabla ya kwenda mbali hivyo, ni busara jamaa ikafanya jaribio karibu na nyumbani. Nyuma tu ya Mariakani huanza nyika ya Taru, ile ambayo misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa iliiogopa kwa ukosefu wake wa maji, ikitegemea ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayoweka maji ya mvua, na pengine kuyakuta yamekauka. Hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, iko mwendo wa saa tatu hivi kutoka kisiwani, na kambi ya umma ya Ndololo karibu na Voi huruhusu watu kupiga hema chini ya miti kwa ada inayolipwa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Usiku mmoja mahali hapo hufundisha mambo mengi: ni hema lipi lililopungukiwa na vigingi, ni nani asiyeweza kulala kwa sauti ya ndovu, ni mtungi upi unaovuja, na inachukua muda gani kuivisha chakula jikoni kabla giza halijaingia. Kosa lililogunduliwa Voi husahihishwa Mombasa siku ya pili. Likigunduliwa Kalacha, hakuna duka la kulisahihisha.

Gari lenyewe liwe la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, lenye kimo cha kutosha kutoka ardhini, na fundi alikague akikumbuka kwamba limeishi pwani. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula chuma kimyakimya, na kutu iliyojificha kwenye fremu, kwenye mabomba ya breki na kwenye vikamatio vya betri haijidhihirishi kwenye lami ya Nyali, bali hujidhihirisha pale gari linapotikiswa saa tano mfululizo juu ya matuta madogo ya njia ya changarawe. Kwa hiyo fundi aingie chini ya gari kwa taa na nyundo ndogo, agonge kila kiungo, abadilishe mipira ya shokomzoba iliyopasuka, asafishe chujio la hewa na kufunga upya kila nati. Magurudumu ya akiba yawe mawili, kwa sababu mawe meusi ya volkano yanayolizunguka Ziwa Turkana hukata ubavu wa tairi, na tairi iliyokatwa ubavuni haizibiki. Pamoja na hayo zichukuliwe fenibelti, fyuzi, oili, maji ya radieta, kamba imara ya kuvutia, jeki pamoja na ubao mpana wa kuiwekea isizame mchangani, beleshi, na pampu ya upepo inayotumia umeme wa gari.

Pampu hiyo inahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa zaidi. Upepo wa tairi hupimwa kwa pauni. Gari lenye pauni 35 kwenye lami likiingia mchangani hujichimbia, ilhali lile lililopunguzwa hadi pauni 18 au 20 huitandaza tairi, likapita juu ya mchanga huohuo bila taabu. Lakini tairi iliyolegea hivyo ikifika kwenye mawe hujikunja na kukatwa upesi, hivyo dereva hulazimika kurudisha upepo kabla ya kuingia eneo la mawe, na kati ya North Horr na Loiyangalani mchanga na mawe hupokezana. Asiye na pampu huchagua kati ya kukwama na kupasua tairi.

Hesabu ya maji na mafuta ndiyo moyo wa maandalizi, na inafaa ifanywe kwa kalamu. Katika joto la Chalbi mtu mzima anahitaji lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, na lita 3 nyingine, kwa ubanaji, za kujisafisha. Watu sita hutumia basi lita 48 kwa siku. Kwa siku nne nje ya lami ni lita 192, na ikiongezwa akiba ya siku mbili za kukwama hufika lita 288, yaani mitungi 15 ya lita 20, yenye uzito wa karibu kilo 290. Kuhusu mafuta, mpangaji apige hesabu ya kilomita 500 kutoka Marsabit kuzunguka hadi Laisamis, na akumbuke kwamba gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita kwenye lami huweza kushuka hadi 5 mchangani. Hizo ni lita 100, na theluthi moja ya tahadhari huzifanya kuwa zaidi ya 130, zikiwemo zile zilizomo ndani ya tangi. Mafuta hupatikana katika vijiji vikubwa, lakini huuzwa kutoka mapipani kwa bei ya juu, na siku nyingine hayapo. Chemchemi zipo Kalacha na Loiyangalani, nazo ni msaada mkubwa, ila msaada haufai kuwa ndio mpango.

Ukijumlisha uzito huo, kabla hajapanda hata mtu mmoja, gari limekwisha kubeba takriban kilo 400, na hapo bado hema, vyombo, vyakula na abiria. Hapa ndipo hesabu inapotoa hukumu yake: jamaa ya watu sita isiende kwa gari moja. Magari mawili hugawana mzigo, moja humvuta mwenzake likikwama, na moja likiharibika kabisa kuna la kumfikisha mgonjwa. Mtindo ulioenea wa kurundika kila kitu juu ya paa la gari moja, kwa kuwa hupendeza pichani, hulifanya gari kuwa zito juu na kupinduka kwa wepesi kwenye kona za changarawe, na unastahili kukataliwa waziwazi. Mitungi ya maji ipangwe chini, karibu na katikati ya gari, na maji yagawanywe katika mitungi mingi ili mmoja ukipasuka mingine ibaki. Mtungi uliowahi kuweka mafuta ya gari usitumiwe kwa maji hata ukioshwa mara ngapi.

Katika upakiaji, wakazi wa Kibokoni wanajua kwamba gari halifiki mlangoni mwa kila nyumba. Vitu hutolewa vichochoroni kwa mkokoteni hadi penye nafasi ya kuegesha, na shughuli hiyo ifanyike jioni iliyotangulia, kwa orodha, ili alfajiri wasibebe kwa haraka na kuacha jeki ukumbini. Vyakula vinavyofaa ni vile ambavyo pwani imevizoea tangu zamani kwa safari za baharini: ng'onda na papa mkavu, mchele, pojo, tambi, tende, kashata, achari ya maembe, na kahawa pamoja na dele yake. Nyama ya halali haina shida kupatikana Isiolo na Marsabit, miji yenye Waislamu wengi, na ikikaushwa kidogo kwa chumvi na ndimu huhimili safari. Vitu vitiwe vikapuni wala si katika mifuko ya plastiki, ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za plastiki za kutumia mara moja hazikubaliwi kuingizwa katika hifadhi za taifa, jambo linalowashangaza wengi langoni.

Kosa jingine la watu wa pwani ni kufungasha kwa ajili ya joto peke yake. Nanyuki, mji ulio kwenye Ikweta, uko juu ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake huwatetemesha watu waliozoea kulala kwa feni; Marsabit nayo ni mlima wenye msitu na ukungu, ingawa umezungukwa na jangwa pande zote. Mablanketi na masweta ni ya lazima basi, sawa na leso na vikoi, ambavyo huko chini jangwani hufaa kwa kivuli, kwa kufunika uso wakati wa vumbi, na kwa kuloweshwa maji na kumfunika mtu aliyezidiwa na joto.

Ibada ya safarini ina taratibu zake, na ni vyema zikafahamika kabla ya kuondoka kuliko kubishaniwa pembeni mwa njia. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala kwa masharti yanayoelezwa na wanavyuoni, na maji yakihitajika kwa kunywa, tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, huchukua nafasi ya udhu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, tayamamu huhitaji udongo wenye vumbi, na kwa kuwa sehemu kubwa karibu na ziwa ni mawe matupu, anayejali jambo hilo huchukua kifuko cha udongo safi mkavu. Kuhusu kibla, Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, lakini Loiyangalani iko magharibi zaidi, hivyo huko mwenye kuswali hupinda takriban digrii 10 kuelekea kulia kwa kaskazini. Dira ndogo hutosha.

Baada ya vyombo na hesabu huja lile lililo kubwa kuliko yote, nalo ni mwongozaji. Wakati Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel walipolifikia ziwa hilo Machi 1888 na kulipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, jina lililodumu hadi lilipobadilishwa kuwa Turkana mwaka 1975, msafara wao ulikuwa umetoka Pangani, ukibebwa na wapagazi wa pwani na kuongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili aliyezijua njia za bara. Bunduki zilikuwepo tele, na bado msafara ulikumbwa na njaa na kupoteza watu, kwa sababu chakula, maji na habari za njia vilikuwa mikononi mwa wenyeji, na kila mahali ilibidi kuomba, kungoja na kununua. Hali hiyo haijabadilika kimsingi. Ramani ya simu humwonyesha dereva mstari. Haimwambii kwamba mstari huo umefunikwa na mchanga tangu mwezi jana, wala kwamba koo mbili zimegombana juu ya malisho yaliyoko mbele.

Mwongozaji atafutwe Marsabit, kwa kuulizia katika ofisi ya chifu, msikitini, au kwa wafanyabiashara wanaopeleka bidhaa North Horr, na awe mtu wa jamii ambayo nchi yake itapitiwa: Mgabra kwa upande wa Maikona, Kalacha na North Horr, na anayefahamiana na Wasamburu, Waturkana, Warendille na Waelmolo kwa upande wa Loiyangalani. Faida yake ya kwanza haiko katika kuijua njia bali katika kujulikana. Gari geni likisimama penye maboma jioni huleta wasiwasi. Likiwa na mtu anayeweza kutaja babake na ukoo wake, huleta uji na mazungumzo.

Adabu ya kisima inafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hukosea pasipo kujua. Kisima cha nchi kame kimechimbwa kwa jasho la watu wanaojulikana, hutunzwa kila msimu, na matumizi yake huenda kwa zamu. Miongoni mwa Waborana zamu hizo husimamiwa na mtu aitwaye aba herega, ambaye huamua ni kundi lipi la mifugo linywe leo na lipi kesho, na mwenye ngamia huweza kuwa ametembea siku mbili akilenga saa yake. Mgeni anayeliegesha gari kando ya birika na kuanza kujaza mitungi amevuruga mpango wa watu wengi. Utaratibu ni kusimama mbali, kushuka kwa miguu, kusalimia wazee, kumwacha mwongozaji aeleze haja, kungoja hadi mifugo imalize, na kulipa kile kinachotajwa bila kukokotana. Kambi isipigwe karibu na kisima, kwani wanyama wanaokuja usiku huogopa taa na sauti, wakarudi na kiu yao.

Miti nayo ni mali. Katika nchi ya Waturkana, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, familia zina haki ya miti iliyoko kandokando ya mito, haki iitwayo ekwar, kwa kuwa maganda ya migunga ndiyo lishe ya mbuzi wakati majani yameisha. Tawi ambalo mgeni analikata kwa kuni za kuchomea samaki huenda ndilo lililohesabiwa kwa ajili ya Agosti. Jamaa ya Kibokoni iende na mtungi mdogo wa gesi au mkaa ulionunuliwa mjini, na isikate chochote. Picha zichukuliwe kwa ruhusa tu, na malipo yakubaliwe kabla, si baada.

Kuhusu mwendo, kanuni iliyo juu ya zote ni kutosafiri usiku. Ngamia hupenda kulala juu ya lami inayohifadhi joto la mchana, rangi yake haionekani, na kimo chake humfanya aangukie kwenye kioo cha mbele anapogongwa. Safari ianze saa 12 asubuhi na gari liwe limesimama kambini kabla ya saa 10 jioni. Laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, huvutia kwa mchanga wake laini na vivuli vyake, lakini kulala ndani yake ni kujihatarisha, kwa sababu mvua iliyonyesha milimani mbali, ambayo aliyelala hakuiona wala kuisikia, hushuka ghafla kwa mkondo huohuo ikiwa na magogo na mawe. Laga inayotiririka haivukwi. Hungojwa, na mara nyingi baada ya saa chache maji hupungua.

Loiyangalani humpokea msafiri kwa upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mwanya, na katika mwanya huo hewa ya kusini-mashariki hubanwa na kuongeza kasi, hasa usiku na alfajiri. Ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilijengwa kusini mwa hapo na kuzinduliwa mwaka 2019. Ujenzi huo ndio ulioikarabati barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis, ambayo leo ni mlango wa kutokea wa mzunguko huu. Hema la duka lililoshikiliwa na vigingi vyembamba halihimili upepo huo: mgongo wake uelekezwe kusini-mashariki, magari yaegeshwe kama ukuta, kamba zifungwe kwenye mawe makubwa, na upishi umalizike kabla jua halijatua, kwani cheche moja inaweza kuruka hadi kwenye vibanda vya makuti ya mikoma. Maji ya ziwa yana magadi na floridi nyingi, hayafai kunywewa siku kwa siku, na mamba wake ni wengi. Hakuna kuoga wala kufulia ufuoni isipokuwa pale ambapo wenyeji wenyewe wanaoga, na hata hapo kwa kuuliza.

Kuna maradhi matatu ya kujiandaa nayo. La kwanza ni kuishiwa maji mwilini, ambalo dawa yake ni lita moja ya maji safi yenye vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vikiwa vya kufutwa sawasawa. La pili ni kupigwa na joto: mtu akianza kuchanganyikiwa na ngozi yake ikawaka, awekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, afunikwe leso iliyolowa na kupepewa bila kusita. La tatu ni kuumwa na nyoka, na hapa ujuzi wa mtaani huua: jeraha halichanjwi, halifyonzwi na halifungwi kamba ya kuzuia damu, bali kiungo hutulizwa kwa kibao, pete na bangili huvuliwa kabla ya uvimbe, na mgonjwa hupelekwa haraka hospitali ya kaunti mjini Marsabit. Madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoanza mwaka 1957, huuza kadi ya uanachama inayomgharimia mtu kuchukuliwa kwa ndege, na gharama yake ni ndogo ukiipima na kilomita zilizoko kati ya Kalacha na chumba cha upasuaji. Kuna pia simu za setilaiti zinazokodishwa Nairobi, na msafara wa magari mawili unastahili kuwa na moja.

Gari likikwama au likifa, watu wakae nalo. Mwishoni mwa 1963, huko Australia, familia ya watu watano iliyoishiwa na petroli kwenye njia ya Birdsville iliacha gari lake kutafuta maji, na wote wakafa kwa kiu jangwani. Gari huonekana kutoka mbali, lina kivuli, lina vioo vya kumulika jua na maji ya akiba. Mtu anayetembea hana hata kimoja. Aende mwongozaji peke yake, akiwa na maji, wakati wa ubaridi, na kuelekea mahali anapopajua.

Ili anayetafuta ajue pa kuanzia, waraka wa safari uachwe kwa jamaa mmoja Kibokoni, mtu makini asiyesahau simu yake: majina ya wote, namba za magari, njia kwa tarehe, jina na simu ya mwongozaji, na saa ambayo habari itakuja kutoka Marsabit, North Horr na Loiyangalani. Waraka useme waziwazi kwamba saa 24 zikipita bila habari apigiwe nani kwanza, na nani baadaye. Watu wazima wachukue vitambulisho vyao halisi na watoto vyeti vya kuzaliwa, kwani vizuizi vya polisi kaskazini ni vingi na nakala ya simuni haikubaliwi kila mahali.

Taka zote zirudi Marsabit au Isiolo ndani ya magunia, pamoja na majivu yaliyozimwa. Ujira wa mwongozaji uandikwe kabla ya kuondoka, kwa siku na si kwa safari nzima, ili kungoja mvua kusigeuke ugomvi, na ndani ya ujira huo wageni wengi husahau kipengele kimoja: mzunguko huishia Laisamis, mwongozaji ametoka Marsabit au North Horr, na nauli yake ya kurudi kwao, pamoja na chakula cha siku hizo za njiani, ni deni la waliomchukua.